Gramu 10 za Protini, Vijiko Vinne na Nusu vya Sukari

Mhadhara uliotolewa kwa vikundi vya mazoezi, Kirumba, Mwanza, Jumamosi asubuhi

Mwangaluka, ndugu zangu! Asanteni kwa kubaki baada ya mbio. Najua jua limeshaanza kuchoma na wengine mna maduka ya kufungua, kwa hiyo nitaongelea kitu kimoja tu. Ni hiki hapa mkononi mwangu, hiki kipande kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, ambacho vijana wa jimu wanakiita baa ya protini. Nimekinunua jana mjini. Mbele, neno protini ni kubwa kuliko jina lenyewe la bidhaa. Mimi nataka tukigeuze tusome nyuma.

Nyuma kuna jedwali. Uzito, gramu 60. Nishati, kilojuli 960. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Gawanya kwa 4.2, utapata kalori kama 230. Protini gramu 10. Mafuta gramu 8. Wanga gramu 30, na chini yake, kwa maandishi ambayo nimelazimika kuvaa miwani kuyasoma: kati ya hizo, sukari ni gramu 18.

Tupige hesabu pamoja. Gramu moja ya protini inaupa mwili kalori 4, ya wanga vilevile 4, ya mafuta 9. Protini ya kipande hiki basi ni kalori 40 kati ya 230. Hata moja ya tano haifiki! Kalori 190 zilizobaki zinatoka kwenye wanga, sukari na mafuta. Ile sukari naimimina kwenye glasi hii muione kwa macho. Kijiko cha chai kina gramu 4 hivi. Moja, mbili, tatu, nne... na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke gramu kama 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Hujanywa hata chai ya asubuhi, na umeshakaribia hiyo 25.

Sisemi hiki kitu ni sumu. Ukitazama sehemu ya nishati inayotoka kwenye protini, kinalingana na karanga kavu. Na kwa kuwa najua mtaniuliza, nimeipigia hesabu kashata pia. Kashata ya gramu 60, nusu karanga nusu sukari, ina protini gramu 7 na nusu na sukari gramu 30. Baa imeishinda kashata, tuipe haki yake. Lakini sijawahi kuona mtu anakula kashata akaamini anajenga misuli, na hapo ndipo lilipo tatizo langu na yale maandishi ya mbele.

Zipo baa bora kuliko hii. Ukikuta ya gramu 60 yenye protini 20 na sukari mbili tatu, hiyo inastahili jina lake. Ila soma orodha ya viambato, maana vinapangwa kwa uzito, kilichozidi kinatangulia. Sukari ikiwa kidogo, utamu umetoka mahali pengine. Mara nyingi ni vitamu vya badala ya sukari, kama maltitoli au sorbitoli. Utumbo mwembamba hauvinyonyi vyote, vinavyobaki vinashuka utumbo mpana, bakteria wa huko wanavichachusha, tumbo linajaa gesi. Ukila vipande vitatu kwa siku unaweza kuharisha kabisa, halafu ukadhani ni maji ya ziwa.

Tazama pia protini yenyewe imetoka wapi. Ikitoka kwenye maziwa, ni nzuri sana. Mnayajua yale maji ya rangi ya kijanikijani yanayojitenga juu ya mtindi? Ndiyo hayo, kiwandani yanachujwa na kukaushwa mpaka yanakuwa unga wenye protini asilimia 80 na zaidi. Ya soya nayo ni nzuri. Ya kolajeni, hapana. Kolajeni hutengenezwa kwa ngozi na mifupa. Watu wa hapa mnaifahamu kwa sura nyingine: bondo la sangara, kile kifuko chake cha hewa, lile linalosafirishwa hadi China na Hong Kong kwa bei inayoishinda nyama ya samaki mwenyewe, sehemu kubwa yake ni kolajeni. Mwili unahitaji amino asidi, yaani vipande vinavyoijenga protini, tisa ambazo hauwezi kujitengenezea, na kolajeni inakosa moja kabisa, triptofani. Kwenye jedwali lakini itahesabiwa gramu kwa gramu sawa na ya maziwa. Sababu ni kwamba njia iliyozoeleka maabara, aliyoibuni mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, inapima naitrojeni, elementi iliyomo kwenye protini, kisha inazidisha kwa 6.25 ili kukadiria protini. Inapima wingi, ubora hauioni. Mwaka 2008 kule China walaghai walitia melamini kwenye maziwa, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane yana protini. Watoto waliugua figo, na wapo waliokufa.

Unahitaji kiasi gani? Mtu mzima mwenye afya, gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake. Una kilo 60, ni gramu 50 kwa siku. Anayefanya mazoezi mazito anaweza kufika gramu 1.2 hadi 2 kwa kilo. Alikuja kijana mmoja wa bodaboda ofisini kwangu, ameacha chakula cha mchana, badala yake anakula baa mbili kama hizi. Analalamika mikono haijazi. Tukaandika kila alichokula. Baa mbili, gramu 20. Ugali na kipande cha sangara alichokuwa anakula mwanzo pale kwa mama ntilie, kipande cha gramu 150 kabla ya kupikwa, kilikuwa kinampa zaidi ya 25, hapo maharage hayajahesabiwa. Alikuwa analipa zaidi apate kidogo. Iliniuma, maana ile pesa aliitafuta juani.

Sasa hiki kifurushi nimekitoa soko la Mwaloni asubuhi hii. Dagaa. Mizani hii ndogo ni ya aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu. Naweka dagaa mpaka isome gramu 20. Hawa hapa, kiganja hakijajaa. Dagaa waliokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo kiganja hiki kina gramu zisizopungua 10, sawa na baa nzima, bila sukari. Na kwa kuwa unamla mzima na mifupa yake, unapata kalisi ambayo minofu haina.

Ila chagueni. Nawasugua hawa wengine juu ya karatasi nyeupe... mnaona? Huo ni mchanga. Walianikwa chini ufukweni. Hawa wa kwanza walianikwa juu ya chanja, karatasi imebaki safi. Mchanga unaupima kwenye mizani, unaulipia, na protini hauna. Muulizeni muuzaji walianikwa wapi kabla ya kuuliza bei.

Baa ina mahali pake. Dereva wa lori anayekwenda Bukoba hawezi kutafuna dagaa kwenye usukani, na mimi mwenyewe nimewahi kula baa nikiwa safarini. Watoto wa shule, mama aliyeuliza pale nyuma, wape yai na maziwa: yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, hapo tayari umeipita hii.

Mizani naiacha hapa mezani na miwani yangu pia. Aliyekuja na baa mfukoni ailete, tuanze na yako wewe wa fulana ya kijani.