Jembe Lililorudi Alfajiri: Furaha ya Mkristo katika Siku za Kawaida

DADA: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wasikilizaji, na karibuni tena katika kipindi chetu. Tunarekodi jioni hii baada ya mimi kufunga cherehani na baada ya Mwalimu kutoka katika kikao cha wazee wa kanisa. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada yangu. Asifiwe sana. Kazi zinakwendaje?

DADA: Zinakwenda, namshukuru Mungu, ingawa kipaimara kimekaribia na kila mzazi anataka nguo ya mwanawe itangulie. Wiki hii nilikuwa nikishona huku nikiimba wimbo wa sifa, na katikati ya ubeti wa pili nikatambua kwamba mdomo unaimba lakini moyo unamnung'unikia mteja aliyechelewa kunilipa, na tena unakwepa jambo jingine ambalo nitalieleza baadaye. Nikajiuliza: furaha tunayoiimba Jumapili huwa iko wapi Jumanne saa nne asubuhi, wakati umeme umekatika na pasi ya mkaa bado haijashika moto? Ndiyo maana nikakuomba leo tuzungumzie furaha ya Mkristo katika siku za kawaida, zile ambazo hazina semina, hazina kwaya, wala mgeni kutoka dayosisi.

MWALIMU: Nimefurahi kwamba umelileta swali hilo moja kwa moja kutoka kazini, kwa sababu tumezoea kuizungumzia furaha kama mvua, kwamba ikinyesha tunashukuru na isiponyesha tunangoja. Mimi nimekuja na sura moja tu, yaani sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Katika aya ya 4 mtume anasema anayaandika hayo ili furaha yetu itimizwe. Mara tu baada ya hapo, katika aya ya 5, anaanza habari za nuru. Katika aya ya 7 anazungumza juu ya kuenenda nuruni na kushirikiana sisi kwa sisi. Na katika aya ya 9 amekwisha kufika kwenye kuungama dhambi. Nilisoma sura hiyo kwa miaka mingi pasipo kuona jinsi mambo hayo yalivyofuatana. Nilidhani kwamba furaha ina siku yake na toba ina siku yake, na kwamba siku ya toba ni siku ya nyuso zilizokunjamana.

DADA: Nami ndivyo nilivyofundishwa, au labda ndivyo nilivyosikia. Kwetu mtu akisema anakwenda kutubu, hata sauti yake hushuka.

MWALIMU: Basi naomba nikupeleke nyumbani kwetu, mkoani Kagera, nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu. Siku moja alfajiri, kabla hatujafungua mlango, tulisikia mtu akipiga hodi, na mama alifungua kwa hofu, kwa kuwa mtu anayebisha hodi saa ile mara nyingi huleta habari za msiba. Alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa kijito, ameshika jembe. Aliliweka chini mbele ya mama, akasema kwamba alilichukua kwenye migomba yetu miaka minne iliyopita, wakati wa palizi, kwamba amelilimia misimu yote hiyo, na kwamba amekuja kuomba msamaha kwa sababu Bwana Yesu amemwokoa na hawezi tena kulala na jembe la mtu mwingine nyumbani mwake. Mama alinyamaza kwa muda mrefu sana. Kisha akamkaribisha ndani, akamletea kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni wa heshima, na yule mtu akaipokea kwa mikono miwili.

DADA: Na wewe mtoto ulikuwa umesimama wapi?

MWALIMU: Nyuma ya mlango, na macho yangu yalikuwa kwenye uso wake tu. Nilitarajia kumwona mtu mwenye aibu, kwa maana alikuwa amekiri wizi mbele ya mwanamke na watoto. Aliondoka akiimba, dada yangu, na tuliendelea kuisikia sauti yake hata alipokwisha kupotelea katika migomba. Lakini sehemu iliyonigusa zaidi ilikuja baadaye, kwa sababu kwa miaka yote minne mama alikuwa akiamini kwamba jembe lile lilichukuliwa na wifi yake. Hakuwahi kumshtaki waziwazi, ila alikuwa amepunguza salamu, alikuwa hampelekei tena ndizi mpya zikikomaa, na sisi watoto tulikuwa tumekwisha kuelewa kwamba kwa shangazi yule hatupaswi kwenda mara kwa mara. Mchana uleule mama alijifunga kitenge chake kizuri akaenda kwa wifi yake kuomba msamaha. Walilia, wakapika, na usiku tulikula kwa shangazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kila ninapolisikia neno furaha katika Biblia, picha inayonijia ni ya chakula cha usiku ule.

DADA: Kumbe mtu mmoja alipotoka gizani alimvuta na mwingine ambaye hata hakujua kwamba yumo humo. Mama hakuwa ameiba kitu, lakini naye alikuwa na cha kurudisha.

MWALIMU: Alikuwa na salamu za miaka minne za kurudisha. Jirani yule alikuwa mmoja wa wale walioitwa walokole, jina lililotokana na neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka, na ambalo mwanzoni watu walilitumia kuwadhihaki. Hao ndio watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na wokovu ndani ya makanisa. Mwaka 1929, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule uliwaka Gahini, ukaingia Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Tanganyika. Hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki katika makanisa yao, wakawa wanakutana katika vikundi vya ushirika, ambako mtu alisimama akasema waziwazi ni wapi amejikwaa wiki ile. Wamisionari wazungu walitubu kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika nyakati za ukoloni halikutarajiwa kabisa. Na kila mmoja alipomaliza kuungama, wenzake waliinuka na kuimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa sifa kwa Kiganda, ambao mama yangu aliuimba hadi uzeeni ingawa Kiganda hakukijua.

DADA: Kwa hiyo sifa ilikuja baada ya ungamo. Sisi siku hizi mara nyingi tunaanza na sifa, tena kwa vipaza sauti, na ungamo tunalifupisha kwa sababu muda umekwisha.

MWALIMU: Sina ugomvi na vipaza sauti. Ninachosikitikia ni kwamba tunamwomba kiongozi wa sifa atuletee kitu ambacho hana uwezo nacho. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, naye alitoka katika Uamsho huo, na watu wa aina yake walijua kwamba usomi na cheo havimwondolei mtu haja ya kumwambia mwenzake, nimekukosea.

DADA: Mwalimu, naomba niweke pingamizi hapa, kwa heshima. Nimewahi kuketi katika kikundi ambacho kuungama kuligeuka kuwa sheria. Asiyekuwa na la kuungama alitazamwa vibaya, aliyeungama jambo zito alisemwa mitaani, na wanawake ndio walioumia zaidi. Huko sikuona furaha, niliona woga.

MWALIMU: Unasema kweli, na hata katika historia ya Uamsho wenyewe ushirika uligawanyika mahali pengi, kwa sababu wengine walianza kumpima mwenzao kwa mavazi yake au kwa madeni yake. Nuru inayosemwa na Yohana ni Mungu mwenyewe. Mtu anayeishika kama tochi ili amulike uso wa jirani yake amekwisha kutoka humo. Ndiyo maana nawashauri watu wasianze na kikundi kikubwa. Mtu aanze na yule ambaye yeye amemkosea, tena wakiwa peke yao, kama jirani yetu alivyokuja alfajiri bila mashahidi.

DADA: Hilo linanisaidia. Sasa nina swali kuhusu Wafilipi, kwa maana kila tunapozungumzia furaha mtu ataitaja aya ile ya 4:4, kwamba tufurahi katika Bwana sikuzote. Mimi naisikia kama amri nzito, hasa siku za huzuni.

MWALIMU: Tazama kilichotangulia. Katika aya ya 2 Paulo anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wawe na nia moja. Katika aya ya 3 anamwomba mwenzake awasaidie kupatana. Na ndipo katika aya ya 4 anasema furahini. Wanawake wale walikuwa wameishindania Injili pamoja naye, na bila shaka waraka uliposomwa mbele ya kanisa la Filipi kila mtu aliwajua. Kwa hiyo amri ile ilisomwa mahali ambapo watu wawili walikuwa hawaelewani, na kupatana kwao kulikuwa sehemu ya njia ya kuitii. Mwandishi naye alikuwa kifungoni, na katika mji uleule wa Filipi alikuwa amewahi kupigwa fimbo na kufungwa miguu katika mkatale, akaimba usiku wa manane pamoja na Sila. Tena Paulo huyohuyo anasema katika 2 Wakorintho 6:10 kwamba wao ni kama wenye huzuni, bali sikuzote ni wenye furaha. Hakuficha machozi yake. Nilipomzika mke wangu sikuimba kwa sauti kwa miezi kadhaa, wala sikuhisi kwamba furaha imenikana, kwa sababu hakuna neno lolote la kinyongo lililobaki kati yetu. Kila usiku tulikuwa tunaulizana kabla ya kuzima taa kama kuna jambo, na usiku mwingine tulizima taa kwa kuchelewa sana.

DADA: Pole sana, Mwalimu. Asante kwa kutuambia.

MWALIMU: Asante, dada.

DADA: Kuna swali la gharama. Unyoofu kazini unaweza kumletea mtu hasara kubwa. Mimi nawaza habari za Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana Mkatoliki wa mashariki mwa Kongo, huko ambako watu huzungumza Kiswahili kama sisi. Kazi yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini mpakani. Alikataa rushwa ili shehena ya chakula kilichoharibika isipite, akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Juni 15, 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma, hatua inayotangulia kutangazwa mtakatifu. Alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki iliyoanzia Roma, na rafiki wa watoto wa mitaani. Ninapomfikiria, naona aibu kusema kwamba unyoofu huleta furaha, kana kwamba nauza dawa.

MWALIMU: Wala tusiseme hivyo kwa wepesi, kwani mama yake alimzika. Ninachokiona ni kwamba hakuungojea wito mkubwa. Aliukuta mezani, kwenye karatasi za kusaini au kukataa kusaini, na mtu hawezi kukataa siku ile kama hakuwa amezoea kukataa katika siku nyingine ambazo hakuna aliyemwona. Aliwafikiria watu ambao wangekila chakula kile, wengi wao maskini, na wale watoto aliokuwa akiketi nao walikuwa miongoni mwa maskini hao.

DADA: Basi naona siwezi tena kuahirisha lile jambo langu. Sisi mafundi tuna desturi ambayo wengi hatuioni kuwa dhambi. Mteja anakuletea kitenge cha yadi sita, wewe unajua gauni lake litakula yadi nne na nusu, naye akiuliza unamwambia kimeisha chote. Kipande kinachobaki unakiweka, na vipande vikijaa unawashonea watoto wako. Mwaka huu, baada ya kusoma sura hiyohiyo ya Yohana, niliwarudia wateja wawili. Wa kwanza alicheka, akanikumbatia, akaniambia nimshonee kilemba kwa kipande hicho, na siku ile nilishona hadi usiku bila kuchoka. Wa pili alikasirika, akawaambia majirani kwamba fundi yule ni mwizi, na hajarudi tena.

MWALIMU: Na moyo wako baada ya huyo wa pili?

DADA: Niliumia, na fedha zilipungua. Lakini nilipokutana naye sokoni nilimsalimu nikimtazama machoni, jambo ambalo zamani sikuweza, hata alipokuwa akiniamini. Sasa amebaki wa tatu. Ni mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, na kipande chake nilikuwa nimekwisha kukichora ili nimkatie binti yangu blauzi. Ndilo jambo nililokuwa nikilikwepa siku ile nikiimba. Nilitaka kumpelekea Jumapili baada ya ibada, lakini naogopa kwamba katikati ya watu nitaligeuza kuwa mzaha.

MWALIMU: Nenda nyumbani kwake Jumamosi, tena mapema. Usimweleze mambo mengi. Je, binti yako anajua?

DADA: Nilimwambia jana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama anaweza kunisindikiza.

MWALIMU: Mchukue. Na kipande chenyewe kiko wapi?

DADA: Kiko ndani ya mfuko, juu ya cherehani. Nimekifuta alama za chaki na kukipiga pasi leo asubuhi.

MWALIMU: Basi tuombe kwa ajili ya Jumamosi.