Maonyesho ya Picha na Chungu cha Mtaa: Mhadhara Uliotolewa Ujiji

Wazee wetu, shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Kamati nyingi za maonyesho hupanga picha kwa wiki nzima, chakula hukumbukwa asubuhi ya ufunguzi. Hapo ndipo mambo huharibika. Chakula chetu ni ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, na mawese hayapatani na picha. Kidole kimoja kikigusa turubai, doa halitoki. Ukisugua, unabandua na rangi ya mchoraji. Kwa hiyo watu watazame kwanza, wale baadaye. Mwenye njaa apewe kahawa nje.

Jiko nalo lina hesabu zake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, yaani magharibi. Jua likizama, mnamo saa moja, mara nyingi hugeuka ukashuka kutoka nchi kavu. Jiko lililokuwa salama saa kumi litajaza moshi ukumbini saa mbili. Liwekeni kaskazini au kusini mwa jengo, mbali kidogo, mtumie mkaa. Picha za Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Kitanzania, huchorwa kwa rangi ya enameli, na isiyokauka sawasawa hunasa masizi.

Kwa watu 60, andaeni unga kilo 15, dagaa wakavu kilo 3, mawese lita 2, vitunguu na nyanya za kutosha. Dagaa wanaoanikwa chini huja na mchanga. Wakorogeni kwenye maji ya uvuguvugu, waacheni kidogo, kisha waopoeni kwa mkono. Ukimwaga maji na dagaa pamoja, mchanga unarudi nao. Rudieni mpaka chini ya beseni pawe safi. Mawese yapashwe mpaka yanukie, hapo vitunguu viingie. Yakianza kufuka moshi, wekundu unapauka na mchuzi unaharibika ladha.

Ugali wa muhogo ukipoa hukaza. Mgeni rasmi akichelewa, na atachelewa, asikute umeshasongwa: maji yachemke tu, unga uwe umechekechwa, mwiko uingie anapokata utepe. Songeni kilo tano tano. Kilo 15 kwenye sufuria moja hazigeuziki, katikati hubaki mabuja.

La mwisho ni kunawa. Beseni la kunawia likae mlangoni mwa ukumbi, lenye sabuni na maji ya moto kiasi, kwa sababu mawese hayasikii maji baridi. Kijana mmoja asimame hapo. Asiyenawa harudi ndani, hata akiwa diwani.