Mnasifu shimo, mnasahau nyasi

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana wa ugani mtakaopangiwa vituo vya milimani. Ukifika kwa Wamatengo, wilayani Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, utakuta mlima mzima umechimbwa vishimo vya mraba, toka juu hadi bondeni. Hizo ndizo ngoro. Wageni huzipiga picha, wanasifu kilimo cha asili, wanaondoka. Mimi nawaomba mkae mpaka muone zinavyotengenezwa.

Mvua zinapoelekea ukingoni, Machi hivi, wanaume hufyeka shamba lililokuwa limelazwa, yaani limepumzishwa bila kulimwa. Nyasi zikinyauka hupangwa kwa mistari inayokatana, kila mraba upana wa kama mita moja na nusu. Hapo wanawake huingia na majembe: huchimba udongo wa katikati na kufukia zile nyasi. Katikati linabaki shimo, pembeni matuta, na ndani ya matuta nyasi zinaoza. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo hayo. Baadaye ni zamu ya mahindi, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni. Maji ya mvua yanatua humo badala ya kuteremka na udongo. Watu wamelima hivyo kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa tupige hesabu. Shimo linazuia udongo usiondoke, basi. Rutuba inatoka kwenye nyasi, na nyasi zinatoka kwenye shamba lililopumzika. Mzee akishawagawia wanawe, na wao wakawagawia wa kwao, nani tena atakuwa na kipande cha kulaza? Ngoro zitaendelea kuchimbwa, mraba ule ule, lakini tutani mnafukiwa mabua machache tu. Mgeni wa picha hataona tofauti. Mwenye shamba ataiona ghalani.

Kwa muda pengo hilo la rutuba lilizibwa na kahawa. Ushirika ulikopesha mbolea ya kahawa na kukata deni kwenye mauzo, na sehemu ya mbolea hiyo iliishia kwenye mahindi, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliandika kwenye ripoti. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, mkopo ule ukayeyuka. Wenye nguvu wakaenda kufungua mashamba kwenye misitu ya miombo. Tukawaita waharibifu, kumbe walikuwa wanatafuta kile kile walichokikosa nyumbani: ardhi iliyopumzika.

Kwa hiyo mkienda kuhimiza watu "wadumishe ngoro", jiulizeni kwanza mnamwambia nani. Anayeinama kuchimba mlima huo ni mwanamke, na kwenye mikutano yetu mara nyingi ndiye aliyekaa nyuma kabisa. Mwulizeni yeye atafukia nini.

Yapo ya kufukia. Samadi ya nguruwe, maana nguruwe wanafugwa sana kule, ila kuibeba kuipandisha mlimani ni kazi nyingine. Mimi ningeanza na utupa, kichaka cha jamii ya kunde: unapandwa katikati ya mahindi, unabaki shambani mahindi yakishavunwa, na majani yake yanarudisha naitrojeni, chakula cha mimea, udongoni. Kinachotakiwa ni kuuacha ukue mpaka ufyekaji unaofuata, mbuzi wasiachiwe kuukanyaga. Na kwenye mabonde yenye mabwawa ya samaki, majani hayo yasisogezwe karibu na maji. Utupa ni sumu ya samaki. Wazee wameutumia kuvulia siku nyingi.