Kinga ya meno si ya mabondia peke yao

Wazazi, makocha, nanyi vijana mliokaa pale kwenye nyasi, asanteni kwa kuitika. Hapa Naguru, Kampala, ndondi tumeizoea, na kocha anayejua kazi yake hamruhusu mtoto kupanda ulingoni bila kinga mdomoni, kile kifuniko cha kuvaa kwenye meno. Ila mtoto huyohuyo akienda kucheza raga, hoki au kikapu, anaingia uwanjani mdomo mtupu. Kiwiko hakivai glavu, ndugu zangu.

Ni kweli kifaa hiki kilianzia kwa mabondia. Mwaka 1890 daktari wa meno wa London, Woolf Krause, aliwatengenezea ili midomo yao isichanwe na meno yao wenyewe. Michezo mingine ilifuata baadaye. New Zealand waliilazimisha kinga hii kwa wachezaji wa raga miaka ya 1990, na madai ya fidia ya meno yaliyoumizwa katika raga yakapungua kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003.

Mzazi, angalia meno mawili ya mbele, juu. Ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini mzizi huchukua kama miaka 3 zaidi kukomaa. Na jino la bandia la kupandikizwa kwenye mfupa haliwekwi mpaka taya limalize kukua. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 akipoteza jino, atakaa na pengo, au na jino la kuvaa na kuvua, karibu miaka 10. Hilo ndilo linaloniuma.

Kinga inayotengenezwa na daktari kwa kipimo cha meno ya mtoto ndiyo bora, lakini ni ghali. Mimi nasema anzeni na hii inayolainishwa kwa maji ya moto. Tazameni: naitumbukiza kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, naipitisha kidogo kwenye maji baridi isimuunguze kijana huyu, naiweka kwenye meno ya juu. Anauma taratibu, ananyonya hewa, nami nabonyeza mdomo kwa nje. Sasa, kijana, fungua mdomo. Mnaona? Haikudondoka. Ingedondoka, tungerudia. Meno yanapobadilika, inunuliwe nyingine, na ivaliwe hata mazoezini, maana ajali haisubiri siku ya mechi. Ioshwe kwa maji baridi, isiachwe juani, na ndugu wasiazimane.

Jino likishang'oka je? Kwanza litafuteni! Likamate upande ule mweupe, usiguse mzizi. Lina mchanga? Lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi, usilisugue. Kama ni la kudumu, lirudishe kwenye tundu lake papo hapo, mtoto aume kitambaa safi, kisha bodaboda moja kwa moja kwa daktari wa meno. Likikataa kurudi, litie kwenye maziwa baridi. Msilifunge kwenye karatasi wala kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwa sababu likikauka, chembe hai za kwenye mzizi hufa, na nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utotoni lisirudishwe kabisa, maana litaumiza la kudumu linalokua ndani ya ufizi. Kocha, pakiti ya maziwa ikae kando ya uwanja pamoja na bendeji.

Maji bado ni ya moto. Wenye kinga zao mkononi wasogee, tuanze na wadogo.