Ondoeni nyasi: namna ya kuchora Tendaguru ya miaka milioni 150 iliyopita

Wengi wenu mnaochora kuta za makumbusho mmeshanisikia nikilisema hili. Nalirudia kwa sababu michoro bado inaletwa ikiwa na kosa lilelile. Ondoeni nyasi! Mtu anahangaika na shingo ya Giraffatitan, yule dinosauri mkubwa wa shingo ndefu, pingili moja baada ya nyingine, halafu akifika chini ya miguu anamwaga kijani na kuchomoa majani kwa ncha ya brashi, kama anachora malisho ya ng'ombe. Mifupa ya Tendaguru, kusini mwa Tanzania, ni ya mwisho wa kipindi cha Jurasiki. Ushahidi wa zamani kabisa wa nyasi, popote duniani, umekuja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Mnyama yule hakuwahi kukanyaga nyasi hata siku moja.

Najua mtakalonijibu: mgeni wa makumbusho asipoona mbuga hatatambua kwamba hapa ni Afrika. Sikubali. Mbuga ni sura moja tu ya Afrika, tena ya Afrika ya leo. Wakati ule bara letu lilikuwa bado limeshikana na Amerika ya Kusini, na pale Tendaguru, bara ya Lindi, palikuwa pwani. Tabaka zenye mifupa ya dinosauri zimepishana na tabaka zenye makombe ya baharini, Trigonia na wenzake. Kwa hiyo chora wangwa: maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mafungu ya mchanga, tope linaloachwa wazi maji yakipwa na kufunikwa yakijaa, na nyuma yake nchi kavu yenye msitu. Mtoto wa Lindi anaujua wangwa kuliko anavyoijua Serengeti. Mpeni.

Hapo linaingia kosa la pili, ambalo ni ndugu wa lile la kwanza. Mchoraji akisikia pwani, mkono wake unakimbilia minazi na mikoko. Mnazi, mkoko, mbuyu, mgunga, yote ni mimea ya maua, na visukuku vya mimea ya maua visivyo na ubishi vinaanzia kipindi kilichofuata, Kretasia. Tena muwe macho na mvinje. Watu wanakwenda ufukweni, wanapiga picha mivinje wakiamini ni jamaa ya misonobari, kwa sababu ina vitawi kama sindano na vitunda kama koni. Mvinje nao ni mti wa maua. Ukiupanda kwenye mchoro, mtu wa mimea atauona kabla hajamwona dinosauri.

Mawe yenyewe yanatuambia tupande nini. Chavua zilizotolewa humo zimejaa aina iitwayo Classopollis, ya ukoo uliotoweka wa Cheirolepidiaceae. Hawa walikuwa jamaa wa misonobari, majani yao mafupi kama magamba, yameganda kwenye kitawi. Hao ndio wa kuwatandaza ukingoni. Ndani zaidi weka miti mirefu ya jamii ya araukaria, ambayo mnaweza kuikuta hai kwenye bustani za mjini mkachora gome lake mkiwa mmesimama mbele yake. Chini yake weka mitapo, yenye shina nene fupi na majani magumu, na kwenye mabonde yenye unyevu weka makangaga.

Sasa, kwa nini nyasi zinarudi kila mara? Kwa sababu mchoraji anaogopa udongo mtupu. Anaona mita 2 za ukuta hazina kitu, anazijaza. Lakini udongo mtupu una kazi nyingi. Kule kulikuwa na joto na kiangazi kikali, basi pasua tope lililokauka, tawanya vitawi vilivyoanguka, gome, koni zilizooza, mizizi iliyofukuliwa na mvua. Kwenye wangwa wenyewe usipande kitu. Mistari ya mawimbi iende sambamba na ukingo wa maji, tope libebe rangi ya mbingu, na nyayo ziwe na kingo zilizovimba, maana tope likikanyagwa na mnyama wa tani nyingi hupanda pembeni. Ukingoni, acha udongo uonekane kati ya kichaka na kichaka. Kwa ardhi kavu anza na sehemu 3 za rangi ya udongo wa manjano kwa 1 ya kahawia nyekundu, na vivuli vitie buluu kidogo, usitie nyeusi. Kijani cha miti kizimwe kwa tone la nyekundu. Ukiona picha nzima imegeuka kahawia ukaingiwa na hofu, ongeza kivuli cha miti. Usiongeze majani ya chini.

Muda unakwenda, na bado sijagusa mnyama. Mfupa wa mkono wa juu wa Giraffatitan una urefu wa zaidi ya mita 2, na miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unateremka kuelekea mkiani na mkia unaelea hewani. Msinakili picha za zamani za kiunzi cha mifupa yake kilichoko makumbusho ya Berlin. Kiliposimamishwa mwaka 1937 viwiko vilitanuliwa nje. Kiliporekebishwa na kufunguliwa tena mwaka 2007 miguu ilinyooshwa chini ya mwili, na sasa kimo chake ni mita 13.27. Kwa kipimo cha 1:20 hiyo ni sentimita 66, na mtoto wa mita 1.10 ni sentimita 5.5. Mchoreni mtoto huyo pembeni kwenye kila rasimu, halafu mfuteni. Mnyama asizamishwe hadi shingoni, maana shinikizo la maji lingembana kifua asiweze kuvuta pumzi.

Kilimanjaro kwa nyuma, hapana. Mlima huo haujafika hata miaka milioni 3. Vipepeo, hapana. Pterosauri, wale reptilia warukao, angani, ndiyo, mifupa yao imepatikana palepale.

Kuhusu rangi ya ngozi na misuli tutaonana mezani. Ila nisiiruke paneli ya uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Inachorwa mara kwa mara Janensch, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji, akiwa na uso na jina, na mamia ya wachimbaji na wapagazi wakiwa migongo tu. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, jina lake limehifadhiwa. Basi liandikwe, na sura yake ichorwe kwa uangalifu uleule. Mizigo iwekwe vichwani na mabegani, kwa sababu mifupa ilifika bandari ya Lindi kwa miguu ya watu, mwendo wa siku kadhaa.

Penseli kwanza, nawaomba. Rasimu ipite kwa mtu wa mawe, halafu mtu wa mimea, halafu mtu wa mifupa, kwa mpangilio huo, kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Ukuta wa mita 6 uliochapwa kwa nukta 150 kwa inchi una nukta zaidi ya 35,000 kwa upana, na nyasi zikishaingia humo hakuna wa kuzing'oa.