Samatta na Shule ya Lubumbashi

Ndugu wasikilizaji,

Tarehe 1 Machi 2020, katika fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza uwanjani Wembley, Manchester City walikuwa wakiongoza kwa mabao mawili pale beki wao John Stones alipoteleza, Anwar El Ghazi wa Aston Villa akapiga krosi, na mshambuliaji mwenzake Mtanzania, Mbwana Ally Samatta, akajirusha mbele ya walinzi na kuupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Villa walifungwa 2-1 siku ile. Mimi nilikuwa nimebanana na watu katika banda umiza moja, kibanda cha kutazamia mpira, huko Mbagala, Dar es Salaam, alikokulia mchezaji huyu, na ninachokumbuka kuliko kelele zenyewe ni mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu, ambaye alisimama, akavua kofia yake, akaishika kifuani mpaka marudio ya bao lile yalipokwisha.

Watu wengi walilisimulia bao lile kama tunda la Ulaya. Nimeomba nafasi hii ya leo ili niseme kwamba, kwa maoni yangu, Samatta aliiva kabla hajakanyaga Ulaya, na jiko lililomwivisha lilikuwa Lubumbashi, nchini Kongo.

Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam walipangiwa TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, na miezi michache kabla ya hapo walikuwa wamefika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia mjini Abu Dhabi, hatua ambayo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kuifikia kabla yao, wakafungwa na Inter Milan 3-0. Waliwashinda Simba nyumbani na ugenini, ingawa baadaye waliondolewa mashindanoni kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili. Lakini katika mechi zile walikuwa wamemwona Samatta, kijana wa miaka 18 aliyetokea klabu ya African Lyon na ambaye hakuwa amekaa Simba hata misimu miwili, na mwaka huo huo wakamsajili.

Naomba tutulie kidogo hapa, kwa sababu sehemu hii ya safari yake huwa inapitwa haraka. Kijana anayetoka Dar es Salaam kwenda kucheza Ulaya hukutana kwa siku moja na baridi, lugha asiyoijua, chakula kigeni na ushindani mkali, na wengi hurudi kabla hata ya kupewa mechi tatu. Samatta alikwenda mji unaozungumza Kiswahili. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Lubumbashi si cha Kariakoo, na mtoto kule huitwa mutoto, lakini mtu anaweza kununua unga sokoni, kuelewana na wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo, na kulalamika pale anapoumia, bila mkalimani. Hakuwa peke yake pia, kwani Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu alikuwa kikosini humo. Kigeni kilichobaki kilikuwa mpira wenyewe, na huo ulikuwa mgumu kwelikweli. Mazoezini alikutana na Rainford Kalaba na Stophira Sunzu, Wazambia waliotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012, naye Sunzu ndiye aliyepiga penalti ya mwisho ya fainali ile. Mshambuliaji anayezuiwa na beki wa namna hiyo kila siku ya wiki hafiki mechi ya Jumapili akiwa na woga.

Alikaa kule takribani miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa tena ubingwa wa Afrika, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, ya Algiers na ya Lubumbashi, akamaliza mashindano na mabao saba. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Mwezi huo huo Genk ya Ubelgiji ikamsajili.

Basi Genk ilimpokea mtu mzima wa soka. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Novemba 2019 aliifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield, katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Aston Villa walimchukua Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, lakini timu ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja na mipira iliyomfikia ilikuwa michache, kwa hiyo alipata bao moja tu la ligi. Sikubaliani na wanaoipima kazi yake yote kwa miezi ile.

Kwa taifa, alivaa kitambaa cha unahodha wakati Taifa Stars waliporudi Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019 nchini Misri, baada ya kukosekana tangu 1980. Tulipoteza mechi zote tatu. Dhidi ya Kenya tulifungwa 3-2, na bao letu la pili lilikuwa lake.

Kutoka Villa alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki, akacheza kwa mkopo Antwerp na kisha Genk tena, halafu akahamia PAOK ya Ugiriki, ambako alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2024. Hiyo ikawa nchi yake ya tatu kuwa bingwa wa ligi, baada ya Ubelgiji, na kabla ya Ubelgiji, Kongo.