Fyata Mkia Kwanza: Mhadhara kwa Madereva na Mafundi Cherehani, Uyole

Hili nimelisema kila tulipokutana, na leo nalirudia: kunyoosha nyonga si kusukuma kiuno mbele. Mnapiga goti, mnajisukuma mpaka mgongo unabinuka, mnasimama mkiamini kazi imekwisha. Mmenyoosha nini? Zilizopinda ni pingili za kiuno.

Msuli mkuu wa kukunja nyonga umeshika pingili hizohizo. Unatoka hapo, unapita mbele ya fupanyonga, unaenda kushika juu ya mfupa wa paja, upande wa ndani. Ukibinua kiuno, pingili zinaufuata msuli mbele. Utavutikaje?

Kunja kanga mara nne, weka goti la kulia juu yake. Mguu wa kushoto mbele, unyayo wote chini. Usisogee bado! Kaza kalio la kulia, kisha fyata mkia kama mbwa anavyoufyata, mfupa wa kinena uelekee kitovuni. Wengi mtasikia mvuto mbele ya nyonga hapohapo. Sasa sogea mbele upana wa vidole viwili tu, mbavu zisichomoze. Sekunde 30 huku unapumua, mara 3 kila upande. Kikibana kiuno, kalio limelegea. Rudi nyuma, uanze upya.

Mtaniambia watu wa Mbeya tunapanda milima kila siku. Ndiyo, lakini ukipanda kuelekea mlima Loleza mwili umeinama, goti linakuja mbele, na nyonga ya nyuma hainyooki hadi mwisho. Na dereva aliyepanda mlima wa Kitonga kwa gari amekaa kwenye usukani, yeye hata goti hakuinua.

Tena msuli unaouhisi umebana unaweza pia kuwa dhaifu, kwa hiyo kunyoosha peke yake hakutoshi. Simama wima, vuta goti kwa mikono lipite usawa wa nyonga, kisha achia. Likishuka papo hapo, au mgongo ukijikunja kulisaidia, nguvu hakuna. Zungushia nyayo zote mbili kipande cha tyubu ya baiskeli, inua goti, lishushe kwa kuhesabu 3. Mara 8 hadi 10 kila mguu, seti 3, siku 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati.

Msuli wa mbele ya paja nao una habari yake, leo hatuufikii. Asubuhi za baridi ya Juni tembea dakika 5 kwanza. Ukipata maumivu makali ya kinena au ganzi mguuni, acha, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Haya, tandikeni kanga. Goti la kulia chini.